Maisha ya Dada Yetu, Aliyekataa Jibu la "Hawajambo"

Wapo hapa leo, na tuwataje kama walivyoketi: mume wa marehemu, fundi saa, kiti cha kwanza mkono wa kulia, binti yao wa kwanza, muuguzi, ambaye hajakaa kitako tangu asubuhi, kijana wao wa kati, fundi bomba, kitinda mimba wao, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na mumewe, wajukuu wanne, wawili kati yao wamelala, dada mkubwa wa marehemu, aliyesafiri siku mbili kwa basi na goti lake bovu, mawifi watatu, maafisa ustawi wa jamii kumi na mmoja, wa zamani na wa sasa, waliofika kwa gari moja lenye viti saba, hakimu mmoja mstaafu, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyegombana na marehemu miaka kumi na minane juu ya mfereji wa maji ya mvua, na ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika akiwa na turubai begani, mama mmoja aliyekuwa mfuaji katika nyumba ya wageni, ambaye habari zake zinakuja, na aliyeomba mwenyewe akae mbele, na kaka mkubwa wa marehemu, msahihishaji mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, ambaye ndiye aliyeandika historia hii na ndiye anayeisoma. Kama yupo aliyesahauliwa, kosa ni la macho ya mwandishi, wala si la moyo wa familia.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, saa mbili za asubuhi, katika nyumba za watumishi wa reli, mlango wa kumi na tisa, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita, baba akiwa mpiga bendera wa stesheni na mama akiwa mshonaji wa mashati. Alichelewa sana kusema, hata mama akaanza kupokea ushauri wa kila apitaye, lakini alipotimiza miaka mitatu alianza, na hakunyamaza tena, baba akasema kwamba muda wote ule mtoto alikuwa anajaza pipa.

Aliingia shule ya msingi Januari 1957, akaendelea na shule ya kati mwaka 1961 hadi 1964, kisha sekondari ya wasichana, bweni, mwaka 1965 hadi 1968. Mwalimu wake wa hesabu wa shule ya msingi alimwita Karani kwa sababu ya mwandiko wake, jina ambalo halikuvuka darasa la nne, na linatajwa hapa kwa ajili ya usahihi tu. Baada ya kufundisha watoto wadogo kwa mwaka mmoja na miezi minne bila cheti, alichaguliwa kwenda chuo cha ustawi wa jamii, akahitimu Juni 1972. Huko walifundishwa kwamba afisa akifika kwenye nyumba ya watu asiingie kama askari, aamkie, asubiri, aulize kwa upole, maana adabu ndiyo ufunguo wa mlango, na marehemu, aliyelelewa na mama asiyeruhusu mtoto kupita mtu mzima bila shikamoo, alilishika somo hilo kuliko yote, akalishika mno.

Aliajiriwa tarehe 3 Julai 1972, akiwa afisa ustawi wa jamii msaidizi wa wilaya. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na viti vitatu, dirisha lisilofunguka, kabati la chuma ambalo mlango wake ulizuiwa kwa kipande cha tofali, na majalada mia nne na kitu yaliyofungwa kwa kamba nyeupe. Mkuu wa ofisi aliitwa Bwana Mhuri, kwa sababu mhuri wa ofisi alitembea nao mfukoni hata siku za mapumziko, na inafaa isemwe kwamba alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mwoga wa wakubwa wake.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo familia ilisita kulisoma. Lakini siku ya pili ya msiba, yule mama mfuaji aliyeketi pale mbele alikuja, akakaa mkekani na mawifi, akasikia wanaulizana kama lisomwe au liachwe, akasema, "Lisomeni. Mkinificha mimi mtamficha na yeye, na yeye hakuwa mtu wa kuficha." Basi linasomwa kwa ruhusa yake.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 1974, muuza mkaa wa mtaa wa nyuma ya soko, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alifika ofisini kusema kwamba katika nyumba ya jirani yake yupo mtoto wa kike wa miaka minne ambaye zamani alikuwa akicheza nje, sasa haonekani, na mara nyingine husikika kama analia, mara nyingine hata kulia hasikiki. Marehemu alikwenda siku ileile saa kumi na moja jioni. Akapiga hodi, akakaribishwa mpaka kizingitini. Akaamkia, akaitikiwa. Akauliza habari za hapa, akaambiwa nzuri. Akauliza, "Watoto hawajambo?" na yule mama mfuaji, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kufua shuka tangu alfajiri, akajibu, "Hawajambo, tunashukuru." Marehemu akapewa maji, akanywa, akashukuru, akaaga. Kesho yake asubuhi akaandika katika jalada, kwa ule mwandiko wake mzuri: Nilifika. Mama yupo. Mtoto hajambo. Akatia sahihi, na Bwana Mhuri akagonga mhuri.

Siku kumi na tisa zilipita. Jumamosi, tarehe 28 Septemba, saa tano na nusu, ofisi ikikaribia kufungwa maana Jumamosi ilikuwa nusu siku, muuza mkaa aliingia tena, mikono myeusi mpaka viwiko, hakukaa alipokaribishwa kiti.

"Mwanangu," akasema, "ulikwenda?"

Marehemu akajibu kwamba alikwenda, na kwamba aliambiwa mtoto hajambo.

"Uliambiwa! Wewe uliamkia, ukaitikiwa. Hata mtu anayekata roho ukimuuliza hujambo atakujibu sijambo, ndiyo adabu yetu. Mtoto ulimwona?"

Marehemu alisimulia baadaye, tena mara nyingi, kwamba katika maisha yake yote hakuna swali lililomwingia kama hilo, kwa sababu jibu lake lilikuwa fupi na hakuwa na pa kulificha. Aliacha jalada wazi mezani, akatoka na muuza mkaa, wakaenda kwa miguu, nusu wanatembea nusu wanakimbia. Mama hakuwapo, alikuwa kazini. Chumba cha nyuma kilikuwa na komeo kwa nje. Wakalifungua, wakamkuta mtoto amekaa pembeni, karibu na bakuli tupu na kopo la maji lililobaki kidole kimoja, hakulia, hakuinua hata mkono, aliwatazama tu. Alikuwa na miaka minne na miezi miwili, na mizani ya hospitali ikasema kilo tisa. Marehemu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, na alisema kwamba njia nzima alikuwa akimsemesha ili asikie kama anapumua.

Mtoto alilazwa siku arobaini na moja, akapona. Hilo lisemwe mapema, ili asiwepo mtu hapa anayeshikilia pumzi.

Lakini mambo mawili yalibaki. Mama alishtakiwa kwa makosa mawili, la kwanza kumtelekeza mtoto, la pili kumdanganya afisa wa serikali, na hilo la pili ndilo lililokuwa zito, kwa sababu mama anayetelekeza kwa dhiki huweza kusaidiwa, lakini mama anayeficha mtoto kwa uongo huonekana hafai kurudishiwa mtoto maisha yake yote. Na ushahidi wa huo uongo ulikuwa mmoja tu, nao ni mstari wa maneno mawili katika jalada la marehemu: Mtoto hajambo.

Bwana Mhuri alimwita, akafunga mlango, akamwambia kwa sauti ya baba, "Binti yangu, karatasi ni karatasi. Tukiiacha hii kama ilivyo, mama alidanganya, wewe ukadanganywa, mambo yamekwisha. Ukisema hukumwona mtoto, kibarua chako kinaota nyasi, na changu hakitakuwa mbali." Marehemu akaomba siku mbili. Jumapili mchana alikwenda kwa kaka yake mkubwa, akamkuta uani ananyoosha suruali kwa pasi ya mkaa, akamweleza yote, akamuuliza afanye nini. Kaka akamjibu kwamba asikilize la mkuu wake, kwamba kazi ya serikali haiokotwi barabarani, na kwamba isitoshe yule mama ametenda kosa kwelikweli. Marehemu akasema, "Kaka, wewe unasahihisha maandishi ya watu kila siku. Ukikuta neno lililokosewa, unamfunga mwandishi au unalisahihisha neno?" Kaka akamwambia aache maneno ya shule, anywe chai. Kaka huyo anakiri leo, mbele yenu nyote, kwamba alimshauri vibaya, na kwamba hakuwahi kumwambia hivyo alipokuwa hai.

Shauri lilisikilizwa Jumanne, tarehe 19 Novemba 1974. Mwendesha mashtaka alimwuliza marehemu, aliyesimama kizimbani na gauni la kijivu na mkoba wa ofisi, "Afisa, haya ni maandishi yako?" Akajibu ni yake. "Mama huyu alikuambia mtoto hajambo?" Akajibu ndiyo. "Basi alikudanganya."

"Hakunidanganya," akasema marehemu. "Nilimwamkia, akaniitikia. Angenijibu nini, Bwana, mlangoni pake, majirani wamesimama, na mimi nimeshika mkoba wa serikali?"

Watu wakacheka, hakimu akawanyamazisha, akavua miwani, akamwuliza, "Kwa hiyo mahakama iandike nini?"

"Iandike kwamba afisa hakuuliza, Mheshimiwa. Na kwamba hakumwona mtoto."

Shtaka la pili likafutwa. Kwa la kwanza, mahakama ikaamuru mtoto akae katika makao ya watoto kwa miezi sita, mama afuatiliwe na ofisi ya ustawi, na mwisho wa miezi hiyo afisa alete taarifa, mtoto arudi au asirudi. Marehemu alipewa onyo la maandishi, na cheo alichokuwa akingojea kikachelewa miaka mitatu. Bwana Mhuri hakumsemesha hadi mwaka mpya ulipoingia, ila alimwachia jalada lile, kwa maneno kwamba aliyemwaga ndiye azoe.

Miezi sita ile ndiyo iliyomfanya marehemu kuwa afisa mnayemjua. Alikwenda kwa yule mama mara mbili kila wiki, kila mara saa tofauti, bila taarifa, na hakuuliza tena kama watu hawajambo. Mara ya kwanza mama alimpokea mlangoni kwa kumwambia, "Umekuja kuhesabu sufuria?" naye akajibu, "Nimekuja kuona. Nionyeshe atakapolala akirudi." Akaonyeshwa mkeka. Mara ya pili akasema nionyeshe sufuria utakayompikia. Mara ya tatu nionyeshe maji mnakochota. Nionyeshe dawa. Nionyeshe viatu vyake. Muuza mkaa, aliyemwona akipita tena na tena, akawa anapiga kelele toka kwenye magunia yake, "Jamani, Bi Nionyeshe huyo anakuja! Ficheni hata majivu, atataka ayaone!" Jina la Bi Nionyeshe, basi, lilitoka kwa muuza mkaa, na halikutoka kwa madereva wa halmashauri, kama ilivyowahi kuandikwa katika gazeti moja la wilaya.

Wiki ya tano, siku ambayo hakuwa ameomba kuonyeshwa kitu chochote, mama alisimama mwenyewe, akavuta sanduku la bati toka uvunguni, akalifungua, likawa na nguo za mtoto mchanga, zimekunjwa. Akasema, "Huyu mdogo alikufa Februari, wa miezi mitatu. Mwenzangu akaondoka Machi. Nikawa nikimtazama huyu mkubwa naona kama ndiye anayefuata. Nikaacha kumtazama. Nilimfungia asiende barabarani, nikasema nitarudi, nilikuwa narudi nikiwa nimechoka, naweka chakula, sitazami kama amekula." Marehemu hakuandika kitu siku hiyo. Alikaa naye chini, wakazikunja tena nguo zile moja moja, akaenda zake.

Baada ya hapo mambo yalipata njia. Marehemu alikwenda kwa msimamizi wa nyumba ya wageni kuomba mfuaji yule apewe zamu ya asubuhi peke yake, msimamizi akamwambia kwamba yeye anaendesha nyumba ya wageni na si kituo cha kulea watoto, marehemu akamjibu kwamba shuka hazijui nani kazifua, wawili wakigawana zamu zitatakata vilevile, akarudi mara nne na maneno hayohayo, na mara ya tano msimamizi alimwambia karani wake, "Mpeni anachotaka huyu, naona ameanza kuzoea chai yetu." Muuza mkaa, ambaye ndiye aliyepeleka habari ofisini, na ambaye mama mfuaji hakuwa akimsalimia, aliombwa amshike mtoto saa za asubuhi. Wanawake wale wawili walikalishwa kwenye ngazi ya duka, marehemu katikati yao, na neno la kwanza lililosemwa lilikuwa la mama mfuaji, "Umbea wako ndio umenifikisha hapa," na la pili la muuza mkaa, "Ndio, na mwanao yuko hai, nitukane tena." Walikaa pale mpaka jua likahamia upande wa pili wa barabara. Mkono mmoja haulei mwana, ni kweli, lakini marehemu alikuwa akisema kwamba wahenga hawakueleza kazi ya kuupata huo mkono wa pili.

Jumatatu, tarehe 19 Mei 1975, mtoto alirudishwa kwa mama yake, akiwa na kilo kumi na nne na nusu. Leo ni mtu mzima mwenye kazi yake na nyumba yake, na marehemu alikataza asisemwe zaidi ya hapo, popote, kwa hiyo hatasemwa.

Mwaka 1976 mwanzoni, saa ya mkononi ya marehemu ilianza kuchelewa dakika tisa kwa siku, jambo ambalo mtu mwingine angelivumilia, lakini yeye alikuwa akiandika saa ya kila ziara, akaipeleka kwa fundi mmoja kijana mwenye kibanda chini ya ngazi za posta. Fundi aliitengeneza, ikawa sawa, kisha kwa sababu ambazo hazikuwa za ufundi akamwambia airudishe kila Ijumaa ipimwe. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976. Mume wake hupenda kusema kwamba alimrudishia mwanamke dakika tisa, akalipwa miaka thelathini na minane kasoro wiki sita.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1978, wa pili mwaka 1981, na wa tatu mwaka 1986. Alikuwa mama mpenda utani, mkali kwa uongo, mpishi wa wastani. Na kwa kuwa historia hii haikuandikwa ili kumpaka rangi, lisemwe na hili. Mwaka 1983 marehemu alitunga fomu ya ziara ambayo hadi leo inatumika katika wilaya, yenye safu mbili, ya kushoto imeandikwa Nimeambiwa, na ya kulia Nimeona, na afisa haruhusiwi kulihamisha neno toka kushoto kwenda kulia kwa sababu tu msemaji ni mtu wa heshima. Bwana Mhuri aliipinga miezi mitano, akisema wananchi wataona wanatiliwa shaka, kisha akaipiga mhuri, na siku anastaafu aliomba nakala moja akaitundike nyumbani. Basi siku moja ya Oktoba 1995, kitinda mimba wake, wa miaka tisa, alisahauliwa shuleni mpaka saa kumi na mbili jioni, mlinzi akimwambia mama anakuja, mama anakuja, huku mama yuko upande wa pili wa mji akitafuta viatu vya mtoto wa watu. Walipofika nyumbani mtoto akachukua fomu katika mkoba wa mama yake, akaijaza kwa penseli. Nimeambiwa: mama anakuja. Nimeona: hayupo. Marehemu aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akamwomba msamaha mtoto kwa jina lake kamili. Tangu siku hiyo, saa nane kamili alikuwa kwenye geti la shule, na mkutano wowote ulioitishwa saa nane ulimkosa, hata ule wa mkuu wa mkoa.

Alipanda cheo mara nne, akawa afisa mkuu wa wilaya mwaka 1994, akafundisha maafisa wapya mia moja na sita, kwa hesabu ya daftari lake. Aliwaambia wote maneno yaleyale, kwamba mtoto aliyetelekezwa mara nyingi hana kidonda, ana mzazi mwenye adabu anayejibu vizuri mlangoni, kwamba kumtoa mtoto nyumbani ni dawa kali isiyotolewa bila kupima, na kwamba kumwacha bila kumwona si huruma, ni uvivu uliovaa koti. Alistaafu Jumamosi, tarehe 14 Machi 2009, siku aliyotimiza miaka sitini, akapewa kabati la vyombo na hotuba tatu. Jumatatu yake alikuwa ofisini, akisema amekuja kusalimia, na alisalimia hivyo miaka mitano.

Agosti 2013 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Daktari alimweleza kwamba moyo umepanuka, akampa dawa, akamkataza chumvi, mizigo na ngazi. Chumvi aliacha.

Jumanne, tarehe 28 Oktoba 2014, alimsindikiza afisa mmoja, msichana wa mwezi wa pili kazini, kwenye jengo la ghorofa nne ambako mwalimu mmoja alisema watoto wawili hawajaonekana shuleni wiki mbili. Wiki iliyotangulia afisa huyo alifukuzwa mlangoni, na utaratibu haumruhusu afisa mgeni kurudi peke yake. Walipofika, baba wa watoto, mlinzi wa ghala, aliinama barazani huko juu, akawaambia kwa sauti, "Wamelala! Hawajambo wote!" Msichana akatoa kalamu. Marehemu akamwuliza anaandika safu ipi, msichana akacheka, akasema, "Ya kushoto, Bibi. Lakini wewe kaa hapa, nitamwita tena ashuke, au turudi kesho na mwenzangu. Daktari amekukataza ngazi."

"Amenikataza kukimbia," akasema marehemu, jambo ambalo, kama mlivyosikia, halikuwa kweli.

Walipanda. Alipumzika kila kituo cha ngazi, amekaa, mkono kwenye chuma, akimwambia msichana asimtazame kama mgonjwa bali atazame milango, ahesabu viatu vya watoto nje. Baba yule hakuwa mtu mbaya, mkewe alikuwa amelazwa hospitali tangu kujifungua mtoto wa nne, aliye naye huko, na baba alikuwa akienda zamu akimwachia binti wa miaka minane wadogo zake. Marehemu alimsalimia, akamwita mwanangu, akamwambia, "Nionyeshe wanapolala." Wawili walikuwa wamelala kweli. Wa tatu, wa mwaka mmoja na nusu, hakuwa amelala, alikuwa amelegea, macho nusu wazi, mwili unawaka. Baba alisema alidhani ni meno. Marehemu akamwambia msichana achukue mtoto, wachukue teksi, wasimsubiri. Mtoto alifikishwa zahanati saa nane na robo, akapelekwa hospitali, akatibiwa homa ya mapafu, na familia imethibitishiwa jana kwamba yuko nyumbani, mama yake pia yuko nyumbani, na muuguzi wa jirani anapita kila siku.

Marehemu alishuka ngazi peke yake mpaka ghorofa ya pili, akakaa, hakuweza kuinuka. Baba yule mlinzi ndiye aliyemshusha mgongoni. Familia haisemi kwamba ngazi ndizo zilizomwondoa, daktari ameeleza kwamba moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, na mlinzi huyo, ambaye amekuwa akilia nje ya lango tangu juzi, anaombwa aingie ndani akae na watu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomhudumia siku tisa na kuvumilia maswali yake. Majirani wote, pamoja na wa mfereji. Maafisa wa ustawi, walioleta maua na fomu, maua yako hapa, fomu zimerudishwa kazini. Mama mfuaji, kwa ruhusa yake. Na yule afisa msichana, ambaye hakusubiri alipoambiwa asisubiri. Pumzika kwa amani, mtoto wa nne wa mama, umefanya kazi mchana kutwa.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2014, saa nne na dakika kumi asubuhi, kitanda namba kumi na moja, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, miezi saba na siku ishirini na tatu.